Marnie na Jino la Mto Dolores

Theluji ikianguka sana milimani, watu wa mji wetu hulalamika. Marnie Oberholt hucheka. Yeye ni dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani, na msimu ukiwa mbaya hulala kwenye kiti cha gari hilohilo na kula mkate mkavu, lakini akirudi mjini utamsikia anaimba dukani. Anajua theluji ile ikiyeyuka itateremka bwawani, na bwawa likijaa pomoni, wenye bwawa hawana budi kuufungulia mto Dolores, naye apate kuushuka na kayaki yake, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Miaka mingine hawaufungulii. Maji yote huenda kwenye mashamba ya maharage, na mto unabaki mawe na vidimbwi ambavyo hata bata hawavitaki.

Moja ya mashamba hayo ni langu. Ndiyo maana Marnie kila akiniona huniambia, "Twyla, shoga, umeunywa mto wangu wote na maharage yako bado yamekonda." Nami humwambia akitaka maji akapige kafi kwenye beseni lake la kuogea. Tumesemana hivi tangu usichana wetu, na mgeni akitusikia hudhani tunagombana.

Mwaka huu bwawa lilijaa. Nilimkuta ghalani ninapouzia maharage, amesimama kati ya magunia, hacheki.

"Safari hii napita Jino," alisema. "Nimekaa ndani ya kayaki yangu, kichwa juu. Mara moja tu, Twyla. Baada ya hapo hata mkinizika sawa."

Jino ni jiwe. Limechomoza katikati ya maporomoko makubwa kuliko yote kwenye korongo letu, na mto mzima unajitupa juu yake. Marnie alilijaribu akiwa msichana, mto ukamtoa kwenye kayaki ukamtapika chini akiwa na kiatu kimoja. Akarudi akiwa mama wa watoto wawili, akatolewa tena, na safari hiyo bega la kulia likachomoka. Mara ya tatu alikuwa na mkono kwenye kitambaa shingoni. Alisimama juu ya mwamba akatuangalia sisi wengine tukipita, halafu akazunguka kwa miguu bila kusema neno. Kisha ikaja miaka ya ukame. Sasa ana mvi kichwa kizima, na daktari amemwambia bega likichomoka tena aage kayaki moja kwa moja. Mto nao ukifungwa, hakuna ajuaye utafunguliwa lini. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi.

Kwa kuwa bega la kulia haliaminiki, aliamua kujifunza upya kujigeuza, sasa kwa upande wa kushoto. Kayaki ikipinduka, mwenyewe yuko chini kichwa majini na miguu imebanwa ndani na kitambaa kizito chenye kitanzi, ambacho akikivuta anatoka. Inabidi autandaze ubapa wa kafi juu ya maji, azungushe kiuno ili kayaki iinuke, na kichwa kije mwisho. Ukizoea kulia, kushoto ni sawa na kuandika kwa mkono usio wako. Alikuja kujifunzia kwenye lambo langu la kumwagilia, barafu bado iko kingoni. Mimi nilisimama na blanketi na chupa ya kahawa, nikitetemeka kumzidi yeye.

"We mwanamke, utafia shambani kwangu uniletee kesi!"

"Nikifa nizike na kafi," alijibu huku akikohoa, kisha akajipindua tena.

Siku nyingine aliinuka, siku nyingine alitoka amemeza lambo. Hakukosa hata Jumapili. Niseme kweli, nilikuwa naomba kimoyomoyo achoke.

Hakuchoka. Mwezi wa tano tukaingia mtoni watu wanne. Marnie, Dell Ruckman na Ruben Archuleta walikuwa na kayaki zao. Dell ni fundi umeme mwenye mdomo usiofungwa, na Ruben ni mfuga nyuki anayesema pale tu akiulizwa. Mimi napiga makasia kwenye boti la mpira lenye mahema, chakula, na sanduku la choo. Korongoni hatuachi kitu. Ulichokula unaondoka nacho. Dell huniita nahodha wa meli ya mavi, nami humkumbusha kwamba naweza kulisahau sanduku lile mlangoni kwake.

Siku ya kwanza ilikuwa ya raha. Misonobari kando, juu yake magenge mekundu, na maji ya baridi yenye rangi ya chai ya maziwa. Mchana Dell alipinduliwa na wimbi la kawaida kabisa, akashindwa kujigeuza, akatoka na kuogelea. Kwetu anayetoka kwenye kayaki hunywa bia ndani ya kiatu chake mwenyewe, kiatu kilekile alichoshinda nacho majini. Marnie alimmiminia mpaka juu.

"Meza, mwanangu, meza. Usiuangalie mchanga."

"Kuna unyoya wa bata humu!"

"Ndiyo mboga hiyo."

Jioni nikapika maharage kwenye sufuria ya chuma, na Marnie akala sahani mbili, akatania kila mtu. Asubuhi yake hakula. Alikunywa kahawa amesimama, akikaza na kulegeza mikanda ya jaketi lake la kuelea, na Dell alipoanza utani wake aliona hapokelewi, akaenda kufungasha vyombo.

Jino husikika kabla halijaonekana. Tulifunga vyombo kingoni, tukapanda kwenye mwamba ambao kila mtu hupanda kuangalia njia. Juu ya mwamba ule kuna adabu yake. Unaweza kunyoosha kidole ukasema maji yale yanavuta kulia, au pale kuna shimo. Lakini humwambii mtu apite, wala humwambii azunguke. Nimeona mume na mke wamesimama pale, mmoja anajiandaa kupita, mwenzake amemeza ulimi. Ukimwambia mtu apite akaumia, utambeba maisha yako yote. Ukimwambia azunguke, umeshamtia woga mikononi, na mikono yenye woga mtoni haifai.

Haya yote nayajua. Nimewafundisha wengine. Ila nilimwona Marnie anaangalia lile jiwe, mkono wa kushoto umeshika bega la kulia bila yeye mwenyewe kujua, na adabu yote ikanitoka.

"Marnie, zunguka," nilisema. "Kayaki nitakubebea mimi."

Dell akainama kuangalia viatu vyake. Ruben akaanza kushughulika na kofia yake ngumu kana kwamba imeharibika.

"Umesemaje?"

"Umenisikia."

"Twyla Fenn, nimekuja hapa kuangalia maji. Sikuja kuangaliwa mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hapo ndipo nilipojua nimemuumiza. "Watu wote duniani waniambie nimezeeka. Wewe hapana."

"Bega lako..."

"Bega ni langu. Wewe pitisha boti lako, chukua kamba, kakae chini pale kama kawaida. Na ukome."

Nikashuka nikiwa na hasira naye, na hasira zaidi na mimi mwenyewe. Nilipiga makasia kwa hasira hiyohiyo, boti likakwaruza ubavu wa Jino, likapita. Nikalifunga kwenye maji yaliyotulia, nikachukua mfuko wenye kamba ya kurushia, nikapanda mwamba bapa ulio chini kidogo ya lile jiwe. Ruben akapita bila shida. Dell akapita akipiga kelele. Wote wawili wakangoja chini ndani ya kayaki zao. Akabaki Marnie.

Kamba nayo ina sheria. Anarushiwa aliyekwisha kutoka kwenye kayaki. Aliye ndani, hata kama kichwa kiko chini, bado anapigana, aachwe apigane. Ukimrushia umemwambia ameshindwa, na akiishika, mto utampokonya kayaki na kila alichokijia.

Aliingia vizuri. Kayaki yake ya njano ilishuka ulimi wa kwanza wa maji laini pale pale tulipopaona kutoka mwambani, akapiga kafi mara mbili kwa nguvu kuelekea kushoto, na nikaanza kupumua. Halafu wimbi lililorudi kutoka kwenye jiwe likamsukuma ubavuni. Kayaki ikapinduka. Ikaburutwa kando ya Jino tumbo juu, ikaingia kwenye maji meupe mbele yangu.

Kafi ikachomoza kulia. Mazoea ni mazoea. Lambo lote lile, na bado mwili ulikimbilia upande wa zamani. Akainuka nusu, mdomo wazi, kisha bega likagoma, akaanguka tena. Nikasubiri. Kayaki ikatikisika, ikatulia. Ikatulia mno.

Nikarusha.

Sijawahi kulenga vile tangu nizaliwe. Kamba ilianguka moja kwa moja juu ya kayaki, na papo hapo Marnie akajisukuma juu, kichwa na kifua tu, akavuta pumzi moja, na kamba ikawa imemlalia kifuani. Akaniona.

"Shika!" nilipayuka. "Marnie, shika! Shika hiyo kamba!"

Mkono wake ulikuwa karibu nayo kabisa. Hakuishika. Alijizungusha, akajirudisha chini kwa makusudi, na kamba ikateleza ikaenda na maji. Nilitukana matusi ambayo kanisani hawadhani nayajua.

Kisha kafi ikatokea kushoto. Ubapa ukalala juu ya maji, bila haraka. Kayaki ikageuka kwa kiuno, mabega yakafuata, kichwa kikaja mwisho kabisa, kama inavyotakiwa. Marnie akakaa wima chini ya Jino, damu inamtoka puani, kafi mkononi. Dell alilia kama mbwa mwitu mpaka magenge yakamrudishia sauti.

Alipiga kafi mwenyewe mpaka kingoni. Nilimfikia nikijikwaa kwenye mawe, kamba yote iliyolowa naiburuta nyuma yangu.

"Ulirusha kamba," alisema.

"Nilirusha."

"Nilikuwa bado ndani."

"Niliona."

"Na sheria unaijua."

"Naijua, Marnie. Nitukane basi tumalize."

Hakunitukana. Alivua kofia, akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. Dell aliyekuwa anakuja na kelele zake alipomwona usoni akasimama mbali.

"Bega lilipogoma nilikata tamaa," alisema. "Nilikuwa nimeshashika kitanzi nivute nitoke. Wewe hukuona, ilikuwa chini ya maji. Nikasema basi, ngoja nivute pumzi moja kwanza. Nikainuka, nikaikuta kamba yako kifuani, na wewe pale juu unapayuka kama chizi." Akaitazama ile kamba. "Nikajua sitakufa. Kumbe kufa tu ndiko nilikokuwa nakuogopa. Basi nikaiacha, nikajaribu kushoto."

Nilikaa kwenye maji na viatu vyangu, nikalia waziwazi mbele ya wanaume wale wawili.

"Acha kulia, mto umejaa," Marnie alisema, naye analia. Aliokota ncha ya kamba, akaniwekea mapajani. "Ikunje vizuri hiyo. Chini kuna maporomoko mengine, na mimi sipiti popote kama hukai wewe chini na kamba."