Kijivu, Jina Lililomficha Mama wa Bombo

Ukungu bado umelala juu ya ndiva ya kijiji cha Bombo, bwawa dogo linalokusanya maji ya mlimani, na Kijivu Mbwambo anashuka ukingoni pekupeku. Anazamisha mkono, anapapasa gogo lililoziba tundu, analivuta. Maji yanatoka kwa kishindo kuelekea mashamba ya tangawizi.

Kazi hii ameifanya tangu mumewe afariki. Wakulima humlipa kwa zamu, huyu elfu mbili, yule sado ya maharage. Ukimhitaji, mfuate alipo. Usimwite kwa mbali, na jina la Koleta, alilobatizwa, usilitamke kabisa.

Sababu yake usiombe uisikie ukiwa huku juu. Kabla ya Kijivu kuzaliwa, mama yake alizaa watoto watatu. Kila mmoja alianza kutambaa vizuri tu, halafu siku moja ya ukungu nyumba nzima ikasikia mtu nje akiliita jina la mtoto. Wakifungua mlango, hakuna mtu. Wiki haiishi, mtoto amekufa. Baba alisema ni malaria, na huenda ni kweli, zahanati ilikuwa mbali. Lakini nani alikuwa akiita?

Koleta alipozaliwa, sauti ilikuja mapema zaidi. Bibi yake hakubishana na mtu. Alichota jivu jikoni, akampaka mtoto mwili mzima hadi akafanana na ukungu, akatangaza kuwa huyu ni Kijivu.

“Bibi alisema rangi hii haina mwenyewe. Anayetafuta atapita asinione,” anasimulia.

Akapita, ila hakuondoka. Kijivu anasema bado anaitwa kwa jina la Koleta, asubuhi kama hizi, kwa sauti ya upole, kama jirani anayeomba moto. Ana miaka sitini na moja na hajawahi kuitika. Mwandishi wa habari hii alitaka kucheka, akaona mama huyu anavyogeuka kuutazama ukungu, akaendelea kuandika.

Sasa binti yake, Hedwiga, amejifungua mtoto wa kike, na kwa desturi ya familia yao mtoto huyo alipaswa kubeba jina la bibi yake. Hedwiga, anayeishi Same mjini, alichagua Koleta. Alisema ni jina zuri, hayo mengine ni mambo ya kale.

Wiki iliyopita alimleta mtoto kumsalimia bibi. Asubuhi, akinyonyesha, akasikia mtu uani akiita Koleta. Akadhani ni mama yake. Mama yake alikuwa kitandani, palepale pembeni yake, macho wazi.

Hedwiga habishi tena. Shida ni kwamba bibi yake Kijivu, yule wa jivu, alionya kuwa jina alilotoa humfunika mtu mmoja tu. Mwenye nalo akilitoa, amelitoa, halimfichi tena.

Jumapili, baada ya misa, Kijivu atampaka mjukuu wake jivu na kumwachia jina. Hedwiga amelia, amemsihi wasubiri kwanza. Mama hataki kusikia.

“Mimi nimeshakula chumvi nyingi,” anasema, akikung’uta matope miguuni. “Jumatatu nitakuja kazini nikiwa Koleta. Akiniita, nitaitika.”