Beseni la Udhu

Juzi binti yangu alitia udhu huku amefungua bomba lote, maji yakikimbilia mtaroni. Nikasogeza beseni chini ya bomba. Akaniuliza, "Mama, la nini, na maji yapo?"

Bibi yangu aliyenilea Kibuli alikuwa na beseni la bati lenye kutu ukingoni. Kila alipotawadha, maji yaliangukia humo, kisha mimi niliyabeba kwa mikono miwili hadi kwenye mchicha wake nyuma ya jiko. Udongo mkavu ulipoyanywa ulitoa harufu niliyoipenda kuliko ya maandazi.

Sikujua kwamba alichukia tu kupoteza maji. Nilidhani anautawadhisha mchicha. Alasiri moja, adhana ikiteremka kutoka msikitini, nilichuchumaa niuone ukiswali. Upepo ukapita, majani yote yakainama pamoja. Nikakimbilia ndani nikihema.

"Bibi, mchicha umerukuu."

Bibi alikuwa anatandika mswala. Hakucheka. "Basi usipite mbele yake, anayeswali hapitiwi mbele," alisema. "Zungukia nyuma."

Nilizungukia nyuma miaka yote niliyokaa kwake, hata nilipokuwa mkubwa wa kujua mambo.

Juzi nilimwambia binti yangu kwamba maji hayo bado yana kazi, basi. Nikabeba beseni hadi kwenye mchicha wangu, upepo ukavuma, nikajikuta nazungukia nyuma. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa ananifuata, naye amepitia nyuma, na hakuuliza kwa nini.