Vyuma Bora Vilikokwenda

Siku yangu ya kwanza kiwandani Garland, Marekani, mwaka 2017, mkaguzi mkuu alinipa maikromita, chombo cha kupimia chuma mpaka kiasi cha unywele, akangoja nikosee. Sikukosea. Niliishia darasa la nne, lakini chuma nilikijulia karakana za Nakuru. Mkaguzi huyo, Grigori, mzee aliyekulia Muungano wa Kisovieti, akacheka: "Wewe shule haikuwahi kukuharibu!"

Wakati wa chakula alitusimulia kiwanda cha ujana wake, makombora na matrekta chini ya paa moja. Marekani wakiongeza silaha, nao wanaongeza. Chuma safi, mashine mpya na mafundi hodari wote wakaenda kwenye makombora. "Trekta lilipewa masalio," alisema. "Mkulima analiwasha, linakohoa, linakufa. Halafu tunashangaa mkate una foleni."

Nilicheka. Niliona hayo ni yao.

Sisi tulikereza shafti, ile mihimili inayozungusha pampu za maji, tukizipeleka Houston kwenye mafuriko. Mwaka 2018 ikaja oda ya vipuri vya makombora. Meneja akaniita ofisini, akafunga mlango. "Mzee, nipe fundi mmoja, aliye bora kuliko wote."

Mimi, wa darasa la nne, naombwa shauri! Kichwa kikavimba. Nikamtaja Furaha, mama wa Bukavu.

"Mzee, bananitosha ku pompe juu ya nini?" Furaha aliniuliza; kwao kutosha ni kuondoa, na pompe ni pampu. "Ile kazi ya makombora itaisha. Pompe ndiyo inalisha batoto."

"Mama, hii ni heshima!"

"Heshima tutaikula na bugali?"

Mafundi wengine wawili wakamfuata, na mashine mpya pia. Pampu zikaachiwa wanagenzi na mashine kuukuu. Mwaka 2019 nikatumwa Houston kuomba radhi, maana shafti zilikuwa zinakatika. Mhandisi wa kule aliniwekea tatu mezani. Alama za kisu butu cha mashine niliziona kabla sijazigusa. Wateja wa Houston wakahamia kiwanda kingine.

Mwaka 2020 oda ya makombora ikaisha. Furaha akarudi kwenye pampu, akakuta idara imefungwa. Siku hizi anapakia maboksi ghalani, na bado anadhani ni meneja aliyemchagua.

Mimi nimestaafu. Mkono wangu hautetemeki hata leo, natamba nao. Lakini siku ya kuagana nilimwambia Grigori, "Ulituonya. Yaliyowapata nyinyi yametupata na sisi."

Akavua miwani. "Usijifananishe na sisi. Sisi tuliamrishwa. Wewe uliulizwa."