Mama Alivyoinunua Eka ya Ndugu Hollis

Mama yangu, Odella Stamper, tulimzika Februari, udongo ukiwa mgumu kwa baridi. Bwana alimpa maisha marefu, namshukuru, ingawa hadi leo asubuhi nachemsha kahawa ya watu wawili. Wenzetu wa kanisani wameniomba niandike kidogo habari zake. Nitaandika ile wanayoipenda wenyewe, kwa kuwa walikuwepo.

Maisha yake yote ya kazi Mama alipika katika jiko la shule. Nyumba alikuwa nayo: nyumba ndefu, nyembamba, iliyoundwa kiwandani ili iweze kuvutwa kwa lori, aliyoinunua na marehemu baba. Lakini ilikaa juu ya matofali kwenye kiwanja cha kupanga, pamoja na nyingine za aina hiyo. Kisha mwenye kiwanja akauza, na mnunuzi akataka kila mtu aivute nyumba yake aondoke kabla ya baridi. Aliyekosa ardhi angeiacha ibomolewe. Mama alikuwa ameshaweka kando pesa za lori la kuivuta. Zaidi ya hapo alibaki na dola elfu kumi na nne.

Ndugu Hollis Tackett alikuwa anauza eka moja kwenye bonde la Kijito cha Pawpaw, kwa elfu kumi na nane. Tukaenda kuiona. Mama alichimba shimo, akamwaga ndoo ya maji, akaipindua ndoo na kuikalia.

"Unangoja samaki?" Hollis akamuuliza.

"Nangoja kujua kama maji ya choo yatazama au yatanifuata chumbani."

Maji yakazama vizuri. Nguzo ya umeme ilikuwa karibu. Nikamwona Mama anatabasamu peke yake, ameshapanga moyoni mahali pa kuanika nguo. Kisha tukarudi na Hollis hadi kwenye daraja la kijito, njia pekee ya kuingilia. Lilikuwa la mbao, na gari letu dogo lilipokuwa linavuka, mbao zililia.

"Ndugu Hollis, nyumba yangu itapitaje hapa?"

"Kama ilivyopita ya binamu yangu."

"Binamu yako anakaa kwenye nyumba ya magogo aliyoijenga huko huko!"

Hollis akacheka mpaka akavua kofia, lakini bei hakuishusha. Mama akampigia hesabu: kujenga daraja la kubeba nyumba ni elfu saba. Kumi na nane toa saba, zinabaki kumi na moja.

"Kwa kumi na moja nakuuzia banda la kuku."

"Kuku angalau wanaweza kuruka kijito."

Tukaachana hivyo. Ndani ya gari nikamwambia, "Mama, tutafute kwingine."

"Kwingine nimeshatafuta. Hii ndiyo ninayoitaka, ila bei yake ya haki sijaijua bado. Jumapili tutasali na watu wa huku. Nataka kusikia wanaombea nini."

Kanisa la Pawpaw, ambalo sasa ndilo letu, ni dogo, na kama ilivyokuwa kule tulikotoka, kabla ya mahubiri mchungaji huuliza nani ana haja ya kuombewa. Mmoja akaomba kwa ajili ya goti lake. Mwingine kwa mjukuu aliye jeshini. Mwingine kwa dada yake aliyeacha kuja kanisani. Mama alitega sikio kwa kila mmoja. Hakuna aliyeombea kisima kilichokauka, wala mafuriko, wala choo kilichofurika. Akaninong'oneza, "Ardhi ya huku ni nzima."

Ndipo Hollis akasimama safu ya tatu. "Mniombee nipate mnunuzi wa eka yangu. Amekuja mmoja, lakini moyo wake ni mgumu kama wa Farao."

Mama naye akasimama. "Farao ni mimi."

Kanisa zima likageuka.

"Niombeeni na mimi," akasema. "Nisipopata pa kuiweka nyumba yangu kabla ya baridi, sina nyumba tena. Ardhi ya ndugu ni nzuri, sina ubaya nayo. Ila nyumba haiwezi kuvuka daraja lake, naye anataka nilipe kana kwamba inaweza."

Mchungaji Orbin Slone alikuwa ameshainua mkono tuiname, ndipo Bi Zelphia Combs, jirani wa Hollis, akapaza sauti kutoka nyuma.

"Ngoja kwanza, mchungaji! Shamba langu la nyasi linatoka barabara ya juu mpaka kwenye hiyo eka ya Hollis, bila daraja. Nikishakata nyasi Agosti, ipitisheni huko. Sitaki chochote. Hollis anajua, ila tangu tugombane kwa sababu ya mbwa hawezi kuniomba."

"Mbwa wako aliniuma!"

"Ulimkanyaga!"

"Jamani," mchungaji akasema, "tuko ibadani."

Mama angeweza kung'ang'ania elfu kumi na moja yake. Hakung'ang'ania. "Ndugu Hollis, basi gharama ya daraja nimeifuta. Lakini njia ni ya Bi Zelphia, si yako, huwezi kuniuzia. Elfu kumi na nne. Ndizo zote nilizo nazo."

"Kumi na tano," Hollis akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Mama akaketi. Ndipo shemasi mmoja akakohoa.

"Hollis, si mwaka jana ulikuwa unaiuza kumi na tatu?"

Kanisa likapasuka kwa kicheko.

"Kumi na nne!" Hollis akasema haraka. "Tumekubaliana, kabla hajatokea mwingine wa kukumbuka!"

"Amina," mchungaji akasema, na tukaomba.

Mwisho wa Agosti nyumba ilipita juu ya nyasi zilizokatwa, polepole, inayumba kama bata. Hollis alitembea mbele ya lori akipunga kitambaa chekundu na kumfokea dereva, ambaye hakumsikia hata kidogo. Jioni nyumba ilikuwa imeshakaa juu ya matofali yake, imesimama sawa. Mama aliingia wa kwanza, akazunguka vyumba vyote, akatoka akifuta macho kwa aproni. Hollis alikuwa anapanda ngazi na matope yake.

"We Hollis! Futa miguu hiyo. Hapa ni kwangu."