Pango la Igoki wa Kwanza

Nilipokuwa mtoto, nilikuwa pia mama wa nyanya yangu. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Nilipewa jina la mama yake, Igoki, na anayepewa jina hupewa na cheo chake. Basi bibi kizee aliyebakiza meno machache ya mbele akawa ananiita "mama", hata wakati ananichapa kwa kumwaga maziwa.

Sisi tulimwita Cucu, kama bibi wanavyoitwa kwao Embu. Aliolewa Ruiri akiwa msichana, akazaa Ruiri, akazeekea Ruiri, na bado Kimeru alikizungumza kama mtu aliyekopeshwa. Alisema mahari ililipiwa mikono yake, si ulimi wake.

Habari ya mama yake alinisimulia tukichambua maharagwe, kwa sauti ile ile ya kulalamikia wadudu. Zamani, kabla serikali haijaamuru watu wazikwe, mgonjwa aliyeonekana hatapona hakuachwa afie ndani, kwa sababu kifo kingeinajisi nyumba na wenye nyumba wangelazimika kuhama. Alitolewa nje mapema. Igoki wa kwanza alipelekwa na kaka zake kwenye pango lililoingia chini ya ardhi, juu ya Kianjokoma kule Embu, msitu unapoanzia. Humo walikuwa wamelazwa watu wa tangu enzi ambazo hata wazee wa wakati huo hawakuzijua. Kaka zake wakamwashia moto, wakarudi. Cucu, wakati huo mtoto mdogo, alitumwa kila asubuhi na kibuyu cha uji. Alikiweka mlangoni, akaita, na mama yake akaitikia kutoka gizani. Asubuhi moja hakuitikiwa. Alisimama mpaka jua likapanda, kisha akakirudisha kibuyu nyumbani kikiwa kimejaa.

Kutokana na hayo Cucu alikuwa na imani moja ambayo hakuna mhubiri aliyeweza kuing'oa. Mtoto aliyepewa jina la marehemu, alisema, ni lazima apelekwe akaonyeshwe kwa mwenye jina, naye mtoto atoe kitu kidogo kwa mkono wake. Asipopelekwa, mwenye jina hatulii. Anabaki anauliza ni nani huyo anayetumia jina lake huko juu bila kumwarifu. Nilipokuja kuajiriwa nilikutana na maafisa wengi wenye tabia hiyo, tena wakiwa hai, na sikuwashangaa hata kidogo.

Ila mtoto aliishia mlangoni. Ndani kulikuwa na mugiro, mwiko unaomganda mtu kama matope, na kuutoa kulihitaji mbuzi na mtaalamu. Baba yangu hakuyaamini hayo. Alikuwa karani wa chama cha ushirika cha maziwa na mzee wa kanisa, na aliyaita mambo ya giza. Hakuyaamini kwa bidii kubwa sana, bidii ambayo nikiwa mtoto niliiona kuwa imani.

Likizo moja ya Agosti tulialikwa arusi Kianjokoma, kwa watu wa Cucu. Tulikwenda na pikapu ya baba, sisi watatu mbele, mimi katikati nikiwa na goti moja kila upande wa gia. Cucu alipakata kiondo chake kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na kibuyu cha uji wa wimbi, ucuru, aliouchachusha mwenyewe. Baba alidhani ni zawadi ya bibi arusi. Mimi nilijua, kwa sababu alfajiri aliniosha uso akaniambia, "Leo mama atamwona mama."

Tulipofika kwenye mashamba ya chai, mahali ambapo njia ndogo inateremka kuelekea pangoni, Cucu aligonga dashibodi kwa kidole.

"Kirimi, simamisha hapa."

Baba hakupunguza mwendo. "Tumechelewa, mama. Tukirudi."

"Nataka kumwonyesha mtoto."

"Nimesema tukirudi."

Cucu akaiangalia ile njia ndogo mpaka ikapotea nyuma yetu. "Haya," akasema. "Lakini anayepitwa bila salamu wakati wa kwenda, humsimamisha mtu wakati wa kurudi."

"Mama, tafadhali. Mtoto anasikia."

"Nimesema kwa sababu anasikia."

Arusi ilikuwa nzuri na hotuba zilikuwa ndefu. Naibu wa chifu aliwaambia maarusi wazingatie kilimo bora, akaketi, akasimama tena kwa sababu alikuwa amesahau usafi wa vyoo. Kisha mvua ikanyesha, mvua nzito ya mlimani, na alasiri tulipokuwa tunarudi tukakuta lori la majani chai limekwama, limekaa kitako katikati ya barabara. Lilikuwa limekwama pale pale. Njia ndogo ya kuelekea pangoni ilikuwa upande wetu, hatua chache kutoka kwenye tairi la pikapu.

Baba alizima injini. Cucu hata hakumtazama. Alikuwa ameshafungua mlango.

"Nenda uwasaidie wenzako kusukuma," alimwambia. "Sisi tunanyoosha miguu."

Tuliteremka kati ya michai, mimi nikishika ncha ya leso yake. Nakumbuka harufu ya udongo uliolowa na jinsi nilivyokuwa nikijizoeza kimoyomoyo: mimi ni Igoki, mimi ni Igoki. Sikuogopa. Niliona kama naenda kukaguliwa sare shuleni.

Pango lenyewe lilinivunja moyo. Lilikuwa mdomo mweusi chini ya mwamba, umefunikwa na majani, ambao mtu mzima angeuingia kwa magoti. Kilichokuwa kikubwa ni kibao. Serikali ilikuwa imesimamisha kibao cha chuma chenye maandishi meupe: ENEO LA KIHISTORIA. USIINGIE BILA KIBALI CHA OFISI. Chini ya kibao aliketi mlinzi mwenye koti refu, anakula muhindi wa kuchoma.

"Cucu, shikamoo. Mna kibali?"

"Kibali cha nini, mwanangu?"

"Cha kufika hapa. Kinatolewa Embu mjini."

"Na leo ni Jumamosi."

"Leo ni Jumamosi," mlinzi alikubali, kama mtu anayepokea pole.

Cucu alikielekeza kidole kwenye lile giza. "Mama yangu yumo humu tangu baba yako hajazaliwa. Yeye alipewa kibali na nani?"

Mlinzi aliweka muhindi wake chini. "Usinitie kwa shida, Cucu. Mimi ni wa kazi tu. Na hata ukiwa na kibali, kuna kiingilio."

Hapo Cucu akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akashika magoti. "Nilipe kumwamkia mama! Haya, sikia, mama," akanigeukia. "Watoto wa siku hizi mtafunga milango ya wafu wenu, halafu mtasafiri mbali kwenda kuona wafu wa wengine. Na mtalipa. Mtapanga foleni mlipe."

Mlinzi alifikiri kidogo. Alikuwa mtu mwema, au labda alikuwa na nyanya. Akasimama, akajikung'uta koti. "Mimi naenda kuona lile lori," alisema. "Sijaona mtu hapa." Nimewahi kufanya kazi na wakubwa wengi tangu siku hiyo, na sijapata uamuzi wa kiofisi uliokuwa wa haraka na wa busara kama ule.

Cucu alitoa kibuyu, akakifungua, akakiweka katika mikono yangu miwili. Alinisogeza mpaka kwenye ukingo wa majani. "Simama hapa. Nikimaliza kusema, wewe utamwaga kidogo, useme jina lako."

Ndipo baba alipofika, akiwa na viatu vya arusi vilivyojaa matope. Hakupiga kelele. Alinipokonya kibuyu taratibu, akamrudishia mama yake, akanishika mkono.

"Mama, mtoto haendi."

"Haingii. Anasimama mlangoni tu."

"Hata mlangoni."

"Kirimi, ni mama yangu."

"Najua."

"Basi mwache amwone."

Baba alizidi kunikaza mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na umelowa, na nilidhani ni mvua.

Cucu alimtazama usoni. "Unaogopa," alisema.

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Nimekwambia unaogopa. Sijakuuliza cheo."

Baba akaanza kunivuta kupanda. Nyuma yetu nilimsikia Cucu akilisemesha lile giza, maneno machache ya Kiembu cha zamani, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto anayeita mlangoni. Sikuyashika maneno. Viatu vya baba vilikuwa vinafyonza matope, na mimi nilikuwa nalia kwa sababu sikupewa nafasi ya kusema jina langu. Cucu alipotufikia kwenye pikapu, kibuyu kilikuwa kimejaa. Uji ulikuwa wa kutolewa na mtoto aliyepewa jina. Asingeweza kuumwaga yeye.

Lori likanasuka, tukaenda nyumbani. Jioni ile baba aliosha pikapu, magurudumu hasa, akarudia. Viatu vya arusi sikuviona tena. Kwa mtu asiyeamini, alitumia sabuni nyingi.

Cucu hakumlaumu wala hakuomba tena kupelekwa. Ila hakuniita "mama" tangu siku hiyo. Aliniita Igoki, kama watu wengine wote, na miaka ilinichukua kuelewa kwamba haikuwa hasira: mwenye jina alikuwa hajaonyeshwa mimi. Alifariki nikiwa sekondari, akazikwa Ruiri kwa saruji na vigae, na mchungaji akasema sasa amepumzika. Miaka michache baadaye mvua kubwa iliporomosha ukingo ule, mdomo wa pango ukazibwa kabisa. Kibao kilisalimika. Kaunti imekipaka rangi upya, na hadi leo kinakataza watu kuingia mahali ambapo hapaingiliki.

Haya yote yalinirudia mwaka jana nikiwa Roma, ambako ofisi ilinituma kwenye warsha ya mambo ya maji. Siku ya mwisho tuliachiwa alasiri, na wenzetu wakaamua kwenda kuona makaburi ya kale ya chini ya ardhi yaliyo nje ya mji. Niliwafuata pamoja na Zubeda, ninayefanya naye kazi Meru, binti wa mwenye bucha ya Majengo. Tukapanga foleni. Nikalipa. Nikiwa nimeshika tiketi ndipo nikasikia kicheko cha Cucu.

"Wewe hushuki?" nilimuuliza Zubeda, maana yeye hakununua.

"Mimi? Hapana, dada. Kwetu Waislamu ukifika kwa wafu unawatolea salamu kwanza, kisha unawaombea. Hawa sijui niwasalimie kwa lugha gani. Na ule mlolongo ulio nyuma yako hautakupa hata nafasi ya kufungua mdomo."

Nilimpigia baba simu. Ni mzee sana sasa, huzungumza na simu kana kwamba iko ng'ambo ya mto. Nilimwambia niko wapi na kwamba sijui niteremke au niache.

"Ni kina nani wamelazwa humo?"

"Wakristo, baba. Wale wa mwanzo kabisa."

"Pangoni?"

"Pangoni. Chini ya ardhi."

"Na watu wao walikuwa wakiwaendea?"

"Wanasema walikuwa wanakuja na chakula. Wanakula humo, wanawakumbuka."

Nilimsikia akivuta kiti. Kisha akasema, "Cucu wako alikuwa amebeba uji."

"Ndiyo, baba."

"Nilijua tangu asubuhi. Nilinusa." Akakohoa. "Mimi niliogopa kwamba yule wa pangoni ataitikia."

Sikuteremka. Tiketi nilimpa kijana mmoja aliyekuwa na mkoba mgongoni, akanishukuru kwa lugha nisiyoijua, nami nikaketi na Zubeda juani mpaka wenzetu walipotoka wakiwa na picha. Si kwamba niliogopa mugiro. Niliona tu kuwa nikiulizwa huko chini mimi ni nani, nitakuwa nimelisema jina langu kwa wageni kabla ya kulisema kwa mwenye jina.

Niliporudi, baba alinisubiri amevaa koti. Tulikwenda Kianjokoma katika gari langu, yeye amepakata chupa ya chai ambayo safari hii ilikuwa na uji. Tulishuka kati ya michai polepole, kwa fimbo na kwa bega langu, mpaka kwenye kibao. Hapakuwa na mlinzi. Palikuwa na ukuta wa udongo ulioota nyasi, na ndege mmoja aliyetukasirikia.

Baba alivua kofia. Akanimiminia uji kwenye kifuniko, nikaushika kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Tukasimama.

"Kuna maneno," nilimwambia. "Cucu alisema kwanza kuna maneno, kisha namwaga, kisha nasema jina. Yalikuwa yapi?"

Baba aliugusa ule ukuta kwa ncha ya fimbo.

"Sikuyasikia," alisema. "Nilikuwa nakuvuta."