Mikono Nyuma: Kazi Yangu ya Kufungulia Watu Barua Pepe Nakivale

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Base Camp, makao makuu ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, niliamriwa kuweka mikono nyuma kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Aliyeniamuru ni Meneja, Mnyankole mrefu aliyevaa shati jeupe hata siku za vumbi, msimamizi wa chumba cha kompyuta cha wakimbizi. Mimi nilikuwa nimekimbia kutoka Uvira, ambako nilikuwa dactylo wa ofisi ya kanisa, yaani mwandishi wa mashine, na vidole vyangu vilikuwa na mbio. Mteja wangu wa kwanza alikuwa baba mmoja mkulima wa mahindi aliyetaka kufunguliwa barua pepe. Nikavuta klavye, ndivyo sisi Wakongomani tunavyoiita kibodi, nikaanza kugonga.

"Mama, hapana!" Chumba kizima kikageuka. "Toa mikono. Weka nyuma. Hapa wewe nafundisha na mdomo. Mkono ni ya mwenye akaunti."

"Lakini Meneja, huyu baba hajui hata herufi ziko fasi gani."

"Atajua. Wewe kama naandika password yake, hiyo akaunti ni yako, hapana yake. Kesho wewe nahama. Yeye nabaki na nini?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Yule baba aliitafuta herufi M muda mrefu kweli, na mimi nimesimama nyuma ya kiti chake nikiuma meno. Alipoipata alipiga kelele ya furaha kama mtu aliyepata mbuzi wake. Akaondoka anajua njia ya kuingia kwenye sanduku lake la barua na njia ya kutoka, na wiki iliyofuata alirudi mwenyewe, akaketi, akafungua bila kuniuliza kitu. Toka siku hiyo sikubishana tena na Meneja juu ya jambo hilo, ingawa juu ya mengine tulibishana mingi sana.

Watu wakaniita Mama Klavye, na jina likabaki.

Ninyi vijana mnaosoma haya mnafikiri kufungua barua pepe ni mchezo. Bon, haya, kubonyeza ni mchezo. Kuchagua ndiyo kazi. Kwanza anwani, yaani jina ambalo barua zitalifuata. Nimeona vijana wanaomba kazi kwa anwani inayosema wao ni wafalme wa mapenzi! Nilikuwa nawauliza, "Mkubwa wa ofisi akisoma hii, atakuita kwenye mahojiano au atakuita kwenye dansi?" Chukua jina lako la kwenye kadi ya ukimbizi, basi. Wengine, mama zetu hasa, walitaka anwani moja kwa nyumba nzima, tena kwa jina la mume. Niliwakatalia. Mume akisafiri na simu, au akikasirika, mama anabaki nje ya mlango wake mwenyewe.

Halafu neno la siri, refu, na lisiwe jina la mtoto wako ambalo mtaa mzima unalijua. Halafu namba ya simu. Hapo msikilize vizuri. Mashine ikikutilia shaka, inatuma kwenye simu namba za muda mfupi tunazoziita kode, na asiyekuwa na kode haingii. Kode haisomwi kwa mtu yeyote kwenye simu, hata akisema ni askofu. Na simu iwe yako kweli. Wakimbizi wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la jirani au la mwendesha boda, kwa sababu kadi zao hazikuwa tayari. Laini hiyo ikipotea huwezi kuidai, kwa kuwa kwa kampuni wewe si mtu.

Kutoka Base Camp nilikwenda Mbarara mjini, kwenye duka la kompyuta la mama mmoja tuliyemwita Madamu. Kazi yangu ilikuwa kuwawekea wateja programu za ofisi kwenye mashine za nyumbani: ya kuandikia barua, ya majedwali, na ile ya kuonyesha mambo mkutanoni. Ziko za kulipia kila mwaka, ziko za bure zinazokaa ndani ya mashine, na ziko zinazoishi mtandaoni na kula bando. Ziko pia za wizi, zilizovunjwa kufuli, na hizo zinakuja na wadudu wao. Madamu alipenda niuze za kulipia.

"Mama Klavye, wewe naharibia mimi soko!" alinifokea siku moja, baada ya kumwekea mwalimu mmoja programu ya bure.

"Madamu, huyu anakaa Nakivale. Umeme wake ni wa sola, mtandao ananunua kidogokidogo. Hiyo ya mtandaoni ataiendesha na nini, na maombi?"

Alicheka bila kupenda. "Kale, sawa. Lakini lazima auziwe flash."

Nikamuuzia flash. Madamu alikuwa mkali lakini hakuwa mtu mbaya, na aliponipa ruhusa ya kwenda kujitegemea alinifungia keki. Nikarudi Nakivale, kijiji cha Misiera, nikawa natembea nyumba kwa nyumba na mkoba wangu. Huko ndiko nilikompata Klemansi.

Klemansi alikuwa Mrundi, mjane mwenye watoto wawili, mwimbaji wa kwaya ya Wakatoliki, na muuzaji wa nyanya asiyependa nyanya. Alichopenda ni kuandika. Alijifunza kwangu majedwali na kupanga kurasa, akanunua kompyuta iliyotumika, akaomba kazi kwenye ofisi moja ya Kampala inayochapa vitabu vya shule. Walitaka mwandishi wa kufanyia kazi nyumbani. Wakampigia kumwambia kwamba jaribio lake limetumwa kwenye barua pepe, alifanye na kulirudisha kabla Ijumaa haijaisha. Kwake hiyo ilikuwa ada ya watoto na paa lisilovuja, na mwisho wa kuokota nyanya zilizooza.

Wiki hiyohiyo diski ya kompyuta yake ikafa. Nikaweka nyingine, nikaweka programu upya, kila kitu kikawaka vizuri. Klemansi akaandika anwani yake na neno lake la siri, sawasawa kabisa. Mashine ikasema haimfahamu, imetuma kode kwenye simu. Nikamtazama.

"Simu gani hiyo?"

"Ile ya zamani, mama. Iliyoibiwa sokoni."

"Si nilikuambia ubadilishe namba?"

"Nilisema kesho," akajibu, na machozi yakaanza.

Laini ile ilikuwa ya jina la jirani aliyekwisha hama. Klemansi akapiga Kampala kuomba watume jaribio kwenye anwani nyingine. Wakakataa: wanaandikia tu anwani iliyo kwenye maombi, matapeli wamewachosha. Ilikuwa Jumatano. Nikachukua simu yangu nikaipiga ile namba ya zamani, nikitegemea kimya. Ikalia. Akapokea mwanamke, akaitika kwa lugha ya huko.

"Alo, wangi?"

Nikamweleza taratibu: namba hii ilikuwa ya binti yangu, kampuni imekupa wewe, sasa hivi kode imeingia hapo, tafadhali tusomee.

"Mimi hapana somea mutu kode! Dada yangu nasoma moja, pesa yote naenda. Wezi!" Akakata.

Klemansi akajifunika uso. Mimi nilicheka, na akanikasirikia kwa kucheka, lakini ningefanya nini? Miaka yote nawafundisha watu wafanye hivyohivyo, sasa nimekutana na mwanafunzi bora na sikumfundisha mimi. Nikapiga tena. "Mama, usinipe kode. Uko sawa kabisa. Niambie tu unafanyia kazi wapi, tukuje utuone uso."

Safari hii hakukata. Kisha akasema, "Biharwe. Kando ya barabara ya Masaka, nauza matoke. Uliza Mama Kakuru. Kuja mchana, watu wakiwa wengi."

Kesho yake tulikuwa Biharwe na kompyuta kwenye mkoba. Mama Kakuru alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita magari, ameketi kati ya mikungu ya ndizi. Alizikagua kadi zetu mbele na nyuma, akilinganisha picha na nyuso, majina hakuyajali. Alituzungusha maswali kama afisa wa mpaka. Wauzaji wenzake wakasogea kutazama wezi walioleta miili yao wenyewe.

"Kadi mutu anaweza tengeneza," akasema. "Nitajuaje hii namba ilikuwa yake?"

Hapo alinishinda, mimi Mama Klavye! Mashine ina maswali yake ya kumjua mtu, lakini hili la Mama Kakuru halikuwemo. Simu yake ilikuwa mapajani. Nilimwomba Klemansi aombe kode mpya kwenye kompyuta, ili mama aone inavyoingia kwake, na ilipoingia kioo kikawaka, namba zikaonekana zote, karibu na mkono wangu. Klemansi aliziona pia. Nilisikia pumzi yake. Nikageuza uso kuelekea barabarani na nikamfinya ageuke naye, maana tukiiba hapo, yule mama atakuwa amesema kweli juu yetu. Kioo kikazima. Muda ukaisha, kode ikafa.

Mama Kakuru alikuwa ameona. Akafunika mdomo kwa kiganja, akamtazama Klemansi upya.

"Ngoja. Jina lako nani?"

"Klemansi."

"Eeeh! Klemansi wa kwaya?" Akapiga paja. "Banange! Mzee moja alisumbua mimi na hii namba! Kila Jumamosi napiga, mimi bado kusema alo, yeye naanza kuimba. Namaliza, nasema, Klemansi, umesikia? Mimi nasema, mzee, hapana Klemansi hapa. Jumamosi ingine, tena!"

"Ni mwalimu wetu wa kwaya," akasema Klemansi, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka. "Masikio yake ni mabovu. Alikuwa ananifundisha sauti ya alto."

"Imba."

"Hapa?"

"Imba ile ya mwalimu. Mimi najua yote sasa."

Klemansi akasimama katikati ya matoke, malori yanapita, wanawake wa Biharwe wamekunja mikono, akaimba. Sauti ilianza inatetemeka. Ilipofika pale panapopanda, ikashika. Na Mama Kakuru, ambaye hata Kirundi hakijui, akadaka mstari uliofuata, maneno yote kombo lakini wimbo wenyewe umenyooka, wakamaliza pamoja. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nalia waziwazi na sikujali.

"Ni yeye," Mama Kakuru akawatangazia wenzake. Klemansi akainyoshea simu mkono, naye akairudisha kifuani. "Hapana! Kode mimi hapana toa. Mimi nitaandika mwenyewe."

Hakuwa amegusa kompyuta maisha yake yote. Nikaiweka kwenye kreti, nikasimama nyuma yake, nikaweka mikono nyuma. Akafuta utomvu wa matoke kidoleni, akaanza kutafuta namba moja baada ya nyingine. Kode ya kwanza ilimfia mikononi. Klemansi alikuwa anauma kitambaa. "Polepole, Mama Kakuru," nikasema, "safu ya juu, kushoto. Hapo. Sasa inayofuata." Ya pili ikakubali, na sanduku likafunguka, na jaribio la Kampala lilikuwa juu kabisa linangoja.

Palepale nilimwamuru Klemansi aifute ile namba na kuweka ya laini yake mpya, iliyosajiliwa kwa jina lake. Akaweka na anwani ya akiba. Hakusema kesho. Ijumaa asubuhi alifanya jaribio nyumbani kwangu Misiera. Jedwali lilikuwa limeyumba kidogo, kama inavyotokea faili ya programu moja ikifunguliwa kwenye nyingine, akalinyoosha mwenyewe, akatuma, tukanywa chai. Kazi aliipata. Anaifanya mpaka leo, na paa lake ni jipya.

Mimi nimeacha. Macho yameingia ukungu, na nyumba kwa nyumba inataka magoti ambayo sina tena. Watu wananiuliza kama naona majuto nikihesabu wote niliowafundisha wakanisahau. Majuto ya nini? Nilitaka wanisahau. Mtu anayejua mlango wake hana sababu ya kumkumbuka fundi wa kufuli kila asubuhi. Meneja alinipa kazi nzima siku ile ya kwanza kwa maneno mawili, mikono nyuma, na kama yuko mahali anasoma, ajue kwamba hasira yangu ilikwisha.

Mwezi uliopita niliongeza ukubwa wa herufi kwenye kioo changu, nikafungua sanduku langu, nikakuta barua kutoka kwa anwani nisiyoijua. Klemansi alikuwa amekwenda Biharwe kununua matoke, kama afanyavyo siku hizi, na Mama Kakuru alimwambia naye anataka barua pepe yake. Barua, yenye salamu ya Kinyankole mwanzoni, ilikuwa hivi:

"agandi mama klavye. hii naandika mimi mwenyewe hapana mutu nashika mkono. klemansi iko hapa nasimama mikono nyuma kama askari. sasa simu ikipotea mimi hapana potea. mama kakuru"

Niliisoma nikairudia. Kisha nikavuta klavye, nikamjibu kwamba jina la mtu huanza kwa herufi kubwa, hasa la kwake.