Taa za Gari la Shangazi

Ofisi yangu ni pikipiki. Nyuma nimefunga sanduku la mbao, na ndani yake kuna misasa ya aina nne, kuanzia ile inayokwaruza hadi ile laini kabisa, chupa ya kunyunyizia maji, tepu ya karatasi, polishi, vitambaa na kopo la vanishi. Kwa mali hiyo ninazunguka miji ya Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nikiwaondolea watu ukungu kwenye taa za mbele za magari yao, ule utando wa manjano ambao jua letu huupaka juu ya plastiki bila kuombwa. Kazi yenyewe haina maajabu. Maajabu yako kwa wateja.

Chukua waheshimiwa wa Arua Hill. Huko juu kila ofisa ana gari, na kila ofisa ameshakuwa fundi kabla sijafika. Mmoja alipaka taa zake dawa ya meno, akasugua mpaka mkono ukafa ganzi, na alichopata ni gari lenye pumzi safi. Mwingine alishauriwa na rafiki yake msomi kwamba mafuta ya breki yanatosha. Yalitosha kweli. Taa ziling'aa wiki moja, na rangi ya bampa ikabanduka yote. Wakishanikubali, hunisimamia mikono nyuma, kana kwamba bila wao nitasahau taa ziko upande gani wa gari.

Halafu inafika hatua ninayoipenda. Ukishapitisha msasa wa kwanza, taa haiwi safi. Inakuwa nyeupe pee, mbaya kuliko ulivyoikuta, na ni lazima iwe hivyo ndipo misasa laini ifuate, kisha polishi, kisha vanishi ya kuikinga na jua. Hapo ndipo mheshimiwa huruka na kupiga kelele kwamba nimeua gari lake. Mimi humwambia kwa adabu zote kwamba akipenda naweza kuishia hapo hapo. Mpaka leo hakuna aliyependa.

Koboko ni habari nyingine. Magari huingia kutoka kila upande wa mpaka, hukaa siku chache, hubadilisha mmiliki na kuondoka. Mnunuzi wa Koboko, awe mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini au mkulima wa palepale, ana kipimo kimoja alichokitoa kwenye mnada wa mifugo: gari hutazamwa taa kama mbuzi anavyotazamwa meno. Taa zikiwa safi, gari ni kijana. Zikiwa na ukungu, gari ni kizee, na hata injini ikilia vizuri namna gani hakuna wa kuisikiliza. Boneti hufunguliwa kwa heshima tu. Watu huchungulia, hutikisa kichwa kama wataalamu, hufunga.

Madalali waliligundua hilo mapema, na mimi sikuchelewa sana. Dalali mmoja mwenye uwanja karibu na soko, mtu mwenye tabasamu lisilolala, alikuwa akinipa gari baada ya gari. Nikawa nawawekea mbuzi wazee meno mapya. Nilijiambia kwamba mimi nauza mwanga, na mengine yaliyomo ndani ya gari si idara yangu.

Asubuhi moja aliniita nishughulikie gari moja la buti kubwa. Sijui kwa nini, lakini mtu anayepiga msasa huhesabiwa kuwa kiziwi. Dalali alisimama juu ya kichwa changu akazungumza na mwenzake bila kupunguza sauti.

"Hii giaboksi yake iko naruka," alisema. "Siku napanda mulima na muzigo, naisha. Lakini wacha mutu ya taa namaliza kwanza."

Mtu wa taa akamaliza. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilisimama hatua tatu nyuma nikiitazama kama bibi harusi wangu.

Siku mbili baadaye Shangazi alinipigia simu. Ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, katika nyumba yake upande wa Kuluva. Marehemu mume wake alikuwa askari, kwa hiyo tulikua na Kiswahili cha kambini mezani, shambani, hata wakati wa sala. Shangazi anauza samaki wakavu, na kwa miaka mingi amekuwa akilipia nafasi juu ya malori ya watu wengine. Sasa alikuwa na akiba ya kununua gari lake mwenyewe, alikuwa Koboko, na alikuwa ameliona. Kwetu mtu hanunui kitu kikubwa bila kusimama na ndugu anayeelewa mambo. Ndugu anayeelewa mambo, kwa bahati mbaya yake, nilikuwa mimi.

Nilipofika uwanjani nililikuta gari lile lile. Shangazi alikuwa ameinama mbele yake, ameshika ncha ya kitenge, anajiangalia ndani ya taa ya kulia.

"Mutoto ya kaka yangu, angalia macho yake!" alisema. "Mutu yake alikuwa napenda hii gari sana. Kama mutu nachunga taa namna hii, ndani yote iko muzuri."

Dalali alinitupia lile tabasamu. "Uliza yeye, mama. Huyu iko fundi."

Shangazi akanigeukia. "Wewe nasema nini?"

Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa kuogopa kunyimwa kazi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ina aibu zaidi: nilikuwa nimefurahi. Miaka yote Shangazi alikuwa akiwaambia majirani kwamba mimi nafua magari, na leo, bila kujua, alikuwa ameinamia kazi ya mikono yangu na kuisifu mbele ya watu. Sikutaka aache. Nilipiga goti, nikafuta vumbi kwenye taa ya kushoto kwa pindo la shati langu, nikainuka, na sikusema neno. Karatasi ikaandikwa, mashahidi wakatia sahihi, Shangazi akakabidhiwa funguo.

Gari lilimstahi wiki tatu. Wiki ya nne, kwenye kilima kimoja upande wa Maracha, buti ikiwa imejaa samaki na magunia mengine yakiwa wazi juu ya paa, lilivuta, likaguna, likasimama. Mvua ikanyesha. Samaki waliokaushwa kwa siku nyingi kando ya ziwa wakarudishiwa maji yao yote kwa saa moja. Fundi wa giaboksi alifungua, akaangalia, akafunga, akaenda kunawa mikono.

Nilikwenda Kuluva na kilo mbili za sukari na maneno niliyoyapanga njia nzima. Gari lilikuwa uani, limevutwa kwa kamba mpaka pale, na taa zake, nasikitika kusema, zilikuwa bado safi kabisa. Shangazi alikuwa ameketi chini akichagua samaki, wazima huku, waliooza kule. Waliooza walikuwa wengi. Nilimwambia yote niliyokuja kumwambia: kwamba taa zile nilizing'arisha mimi, kwamba dalali alisema habari ya giaboksi nikiwa nimechutama miguuni pake, kwamba nilisikia kila neno.

"Siku ile kwa uwanja, wewe najua?"

"Najua, Shangazi."

Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Anajua matusi ya kambi mbili, na nilistahili yote.

Akatupa samaki mmoja kule kwa waliooza.

"Mimi hapana jua gari," alisema taratibu. "Ile ya taa nilisema tu, watu yote nasema hivyo. Mimi naangalia wewe. Tangu mutoto, kitu ikiwa mubaya, hata chumvi kidogo kwa mboga, wewe nasema. Mupadri nahubiri murefu, wewe nasema. Kwa musiba ya muzee yangu, sanduku ilikuwa fupi, wewe nasema mbele ya watu yote, mimi nasikia haya." Akachukua samaki mwingine, akamnusa. "Siku ile wewe nanyamaza. Basi, mimi natoa pesa."